Jalada lako ni la nani? Maswali ya watumishi wa umma Kigoma kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi

Nilianzia kazi masjala, katika halmashauri moja ya mkoa wa Kigoma, enzi ambazo kila kitu kilikuwa karatasi na kamba ya jalada. Baadaye nikahamia ofisi ya utumishi. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa koridoni, msibani, ndani ya boti ya kwenda mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mara nyingi kwa simu usiku, na mwalimu au muuguzi aliyekuta habari zake mahali ambapo hazikupaswa kuwa. Sheria ninayoitaja zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Sheria hii inaibana Serikali kweli, au ni ya makampuni ya simu na benki?

Inaibana. Anayekusanya taarifa za watu na kuamua zitumikeje, sheria inamwita mkusanyaji, awe wizara, halmashauri, hospitali ya mkoa au duka la vifaa vya ujenzi. Anayezishughulikia kwa niaba ya mwingine ni mchakataji. Wewe unayesemwa na taarifa hizo ni mhusika wa taarifa. Wakusanyaji na wachakataji wote wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024.

Na hata kabla ya sheria hii, Ibara ya 16 ya Katiba ilikuwa imeshasema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya 2022 ilileta chombo cha kulalamikia na adhabu.

Taarifa binafsi ni zipi hasa kwa mtumishi?

Jina, namba ya simu, cheki namba (namba yako kwenye orodha ya mishahara), namba ya NIDA, akaunti ya benki, majina ya wategemezi kwenye bima, anwani, picha, tathmini ya utendaji iliyomo kwenye PEPMIS (mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi), barua za onyo. Chochote kinachoweza kumtambulisha mtu fulani.

Kisha kuna taarifa binafsi nyeti, ambazo zina ulinzi mkali zaidi: afya, alama za vidole na baiometriki nyingine, miamala ya fedha, makosa ya jinai, taarifa za watoto, asili ya mtu, dini, msimamo wa kisiasa, uanachama wa chama cha wafanyakazi. Ukiipitia orodha hiyo taratibu utaona kwamba jalada la mtumishi wa kawaida linabeba karibu nusu yake. Mwalimu aliyeomba uhamisho kumfuata mwenza, akaambatisha cheti cha ndoa na ripoti ya daktari ya mtoto, ameiachia ofisi maisha yake yote ndani ya bahasha moja ya kaki.

Basi mwajiri ataniomba ridhaa kwa kila kitu?

Hapana. Mishahara, michango ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya NHIF, kodi, makato ya mkopo wa elimu ya juu: hayo yana sheria zake na mwajiri hahitaji kukuomba ruhusa kila mwezi. Ridhaa ya mtumishi kwa mwajiri wake nami naitilia shaka, nasema wazi. Mtu aliye kwenye majaribio, ambaye bado hajathibitishwa kazini, akiwekewa karatasi mezani na kuambiwa "saini hapa", atasaini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri ni hili: sheria gani au kazi gani inakufanya uihitaji taarifa hii? Akiwa na jibu, mpe. Akikosa jibu, hata saini yako haimsaidii sana.

Kwenye grupu la WhatsApp la idara walituma orodha ya waliopewa barua za kujieleza, pamoja na makosa yao. Ni sawa?

Si sawa, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote.

Watu wakisikia "uvujaji wa taarifa" huwaza vijana wenye kompyuta kwenye chumba cha giza. Kwa niliyoyaona mimi, taarifa za watumishi hutoka kwa mkono wa mtu mwenye nia njema na haraka nyingi. Afisa anaombwa orodha na mkoa, anaipiga picha kwa simu, anaitupa kwenye grupu lenye watu mia mbili ili "wahusika waone". Ndani ya orodha kuna watu kumi wanaohusika. Waliobaki mia na tisini ni watazamaji, na mmoja wao ni shemeji wa mtu.

Nitasimulia tukio moja, ofisi nitaiacha bila jina. Mtumishi wa kada ya afya alitumiwa barua ya kujieleza kuhusu utoro. Picha ya barua ikazunguka kabla karatasi yenyewe haijamfikia kituoni. Alipokuja kujibu, ikaonekana alikuwa amelazwa, na vielelezo vyote vilikuwepo. Shauri likafungwa. Picha haikufungwa. Miezi baadaye watu sokoni bado walikuwa wanamuuliza mambo ya utoro. Mimi ndiye niliyeandika ile barua ya kumwondolea tuhuma, na nilijua nikiwa naiandika kwamba haitasomwa na hata robo ya walioisoma ya kwanza.

Kanuni ya sheria ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa kazi fulani isitumike kwa kazi nyingine isiyolingana nayo, na isizidi kiasi kinachohitajika. Barua ya nidhamu ilikusanywa kwa ajili ya nidhamu. Grupu halisikilizi mashauri. Kama ni lazima kutumia simu kwa sababu kituo kiko Kagunga au Kalya na boti haiji mpaka kesho, mtumie mhusika peke yake, kisha nakala halisi ifuate.

Na matangazo ya kuitwa kwenye usaili, si nayo yana majina ya watu?

Yana majina, na kuna sababu: ajira ya umma inatakiwa ionekane inatolewa kwa haki. Jina na kituo cha usaili vinatosha kwa hilo. Namba za simu, tarehe za kuzaliwa na namba za NIDA hazina kazi kwenye ubao wa matangazo.

Naingia kwenye mfumo wa watumishi kupitia steshenari. Kuna hatari gani?

Kubwa kuliko unavyodhani. Watumishi wengi wa vijijini hushuka mjini, iwe Kasulu, Kibondo au Mwanga ya Kigoma mjini, wanaingia steshenari na kumwambia kijana, "Nitolee salary slip." Kijana anaomba nenosiri, analiandika yeye mwenyewe, kompyuta inauliza kama ihifadhi nenosiri hilo, anabonyeza ndiyo. Faili linabaki kwenye kompyuta. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha steshenari nikaona mbele yangu hati za mishahara za watu ninaowafahamu, zimepangwa kwa majina. Sikufungua hata moja, ila yeyote aliyekaa pale baada yangu angeweza.

Andika nenosiri wewe mwenyewe. Kompyuta ikiuliza ihifadhi, kataa. Ukishachapisha, futa faili, kisha lifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta, na utoke kwenye akaunti kabla ya kusimama. Kumbuka kwamba kupitia akaunti hiyo ndipo unapoomba likizo, uhamisho na mkopo. Anayeijua anaweza kujifanya wewe.

Ni kweli pia kwamba tatizo hili si la mtumishi peke yake. Serikali imehamishia huduma mtandaoni, jambo ambalo binafsi nalifurahia, maana zamani mtu alisafiri siku mbili kufuata fomu ya likizo. Lakini mwajiri anayetaka mwalimu wa kijiji kisicho na mtandao ajaze tathmini yake kila wiki ajue kwamba amemsukuma steshenari. Kompyuta moja kwenye ofisi ya kata, yenye akaunti zilizotenganishwa, ingeokoa mengi.

Mkopeshaji wa mtaani anataka kadi ya benki, namba ya siri na nenosiri la mfumo. Nimpe?

Usimpe. Mkopo halali wa mtumishi unakatwa kwenye mshahara kwa utaratibu unaoujua, na makato yote hayatakiwi kukuacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wako. Wanaoitwa kausha damu wanakwepa hesabu hiyo kwa kushika kadi. Akishika na nenosiri, ameshika pia wategemezi wako, namba yako ya NIDA na barua zako. Naye kisheria ni mkusanyaji wa taarifa, na anapokutangaza kwa wenzako kwamba hujalipa, unaweza kumlalamikia kama unavyomlalamikia mwajiri.

Nikiumwa, mkuu wangu ana haki ya kujua naumwa nini?

Ana haki ya kujua kwamba daktari amekupumzisha, kwa siku ngapi, na kama ukirudi kuna kazi usizoweza kufanya. Jina la ugonjwa ni jambo la wewe na daktari, isipokuwa pale utaratibu wenyewe unapolihitaji, kama vile bodi ya madaktari inapoamua kustaafu kwa sababu za afya. Hata hapo, ripoti ya bodi ipite kwenye bahasha iliyofungwa hadi kwa anayeamua. Isipitie meza nne njiani, kila moja ikiisoma.

Kuhusu VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ilishalinda usiri wa majibu ya vipimo miaka mingi kabla ya sheria hii. Muuguzi anayepima wafanyakazi wenzake ana mzigo mara mbili: mgonjwa wake ni pia mtu wanayekunywa naye chai. Katika vituo vidogo vyenye watumishi watatu, jambo hili linahitaji msimamizi alipange mapema, kwa mfano kumruhusu mtumishi akatibiwe kituo kingine bila kumuuliza maswali.

Nimeulizwa kabila la babu yangu na kijiji alichotoka. Mwajiri anaruhusiwa?

Hapa Kigoma swali hili lina uzito wake, kwa hiyo nitalichukulia muda.

Tunaishi mpakani. Waha wana ndugu na jamaa ng'ambo, majina yetu yanafanana na ya Burundi, na kuna familia zilizokimbia kutoka huko mwaka 1972 na baadaye kupewa uraia wa Tanzania. Ajira ya umma ni ya raia, isipokuwa kwa vibali maalumu, kwa hiyo kuombwa uthibitisho wa uraia wakati wa kuajiriwa ni halali. Idara ya Uhamiaji nayo ina mamlaka yake ya kuuliza. Sheria ya ulinzi wa taarifa imetaja kabisa kwamba uchunguzi kwa ajili ya uteuzi wa mtu kushika nafasi katika utumishi wa umma unaweza kusamehewa baadhi ya masharti yake, sawa na masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa.

Lakini msamaha huo si wa kila mtu mwenye cheo. Msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kufungua daftari lake la asili za watu. Taarifa inayoonyesha asili ya mtu ni nyeti. Aidha, sheria inataka taarifa zikusanywe kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa pale ilipoainisha vinginevyo. Kwa hiyo uvumi wa majirani, uliookotwa na kuandikwa dokezo kisha ukabandikwa kwenye jalada, una kasoro tangu ulipozaliwa. Nimeona madokezo ya namna hiyo. Mstari mmoja wa kalamu, "inasemekana si raia", na mtu aliyesomea Kasulu tangu darasa la kwanza anarukwa kila nafasi ya kupanda bila kuambiwa sababu.

Kama kuna shaka ya kweli, iende kwa Uhamiaji kwa maandishi, mhusika aitwe, ajibu, uamuzi utoke na uwekwe kwenye jalada pamoja na majibu yake. Shaka isiyopelekwa popote iondolewe.

Uhakiki wa vyeti si kuingilia faragha?

Hapana. Anayetibu watu au kufundisha watoto kwa cheti anatakiwa awe nacho kweli. Mwaka 2017 uhakiki uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ulifanyika kwa kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Kulinganisha huko ni matumizi halali ya taarifa. Ninachosisitiza ni haki ya anayekutwa na dosari kupewa nafasi ya kueleza, maana jina lililokosewa herufi na cheti cha kughushi ni vitu viwili tofauti.

Majina yangu kwenye cheti, NIDA na mshahara hayafanani. Nifanyeje?

Una haki ya kutaka taarifa zisizo sahihi zirekebishwe. Anza mapema, usisubiri mwaka wa kustaafu. Watu wengi hugundua kwamba "Ntahondi" wa cheti ni "Ntahond" wa mfumo siku wanapofuatilia mafao. Andika barua kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wako wa kituo, ambatisha kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na nakala ya kila kinachounga mkono. Omba ujibiwe kwa maandishi.

Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi. Kwa kuwa ndiyo inayoamua miaka 55 ya kustaafu kwa hiari na 60 ya lazima, utumishi hautakubali kirahisi uibadili tofauti na ile uliyojaza ulipoajiriwa. Haki ya kurekebisha kosa haikupi haki ya kujipunguzia umri. Kama kosa ni la aliyeingiza taarifa kwenye mfumo, fomu yako ya kwanza ndiyo shahidi wako.

Naruhusiwa kuona jalada langu?

Sheria inakupa haki ya kujua mkusanyaji ana taarifa gani zako, anazitumiaje na anampa nani. Omba kwa maandishi. Jalada la wazi halina sababu ya kukuletea ugumu. Jalada la siri lina utaratibu wake, na baadhi ya vitu, kama uchunguzi unaoendelea, vinaweza kuzuiwa. Ila neno "siri" lililopigwa muhuri juu ya karatasi halitoshi kuwa jibu. Ukikataliwa, dai sababu. Uamuzi wa nidhamu dhidi yako huwezi kuukatia rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma kama hujui umejengwa juu ya nini.

Mashine ya alama za vidole ya mahudhurio je?

Alama za vidole ni taarifa nyeti. Mwajiri akueleze kwa nini anazihitaji, zinatunzwa wapi, na nani mwingine anaziona. Awe pia na njia mbadala. Fundi au mhudumu ambaye jembe na sabuni vimemfuta vidole asihesabiwe mtoro kwa sababu mashine haimsomi.

Mashirika yanayotulipa posho za mafunzo yanaomba majina, simu na akaunti zetu zote.

Kigoma ina wadau wengi, hasa wilaya zenye kambi za wakimbizi, na kulipa kwa simu kumepunguza wizi wa posho. Taarifa za malipo zinaweza kutolewa, lakini kwa makubaliano ya maandishi yanayosema zitatumika kwa malipo hayo na zitafutwa lini. Shirika linalozipeleka nje ya nchi lina masharti ya ziada ya kutimiza. Halmashauri isitoe orodha ya watumishi wote wa idara wakati waliohudhuria ni thelathini. Na ile karatasi ya mahudhurio inayozunguka ukumbini, kila mmoja akisoma simu na saini za waliomtangulia, ingeweza kubaki kwa mratibu mezani watu wakaenda mmoja mmoja.

Nimestaafu. Si walifute jalada langu?

Usiombe hivyo. Taarifa zisikae kuliko zinavyohitajika, ni kweli, lakini kumbukumbu za ajira zina utaratibu wake chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na mafao hutegemea karatasi. Wale walioondolewa mwaka 2017 kwa vyeti vya kughushi, Serikali ilipoamua mwaka 2022 warudishiwe michango yao, kumbukumbu zao zilihitajika upya baada ya miaka mitano. Unachoweza kudai ni kwamba jalada lako lisigeuke vifungashio vya maandazi. Hilo nimeliona kwa macho yangu: karatasi yenye cheki namba za watu, imefungia vitumbua.

Mimi ni afisa utumishi. Nianzie wapi, na bajeti hakuna?

Anza na ufunguo wa masjala na daftari la kutoka kwa majalada. Nani anaingia, jalada limekwenda kwa nani, limerudi lini. Haligharimu kitu. Halafu akaunti za mfumo: aliyehama Julai asiwe bado anaingia Desemba, na nenosiri la ofisi lisiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwombe mkurugenzi ateue afisa ulinzi wa taarifa binafsi, kwa kuwa sheria inalitaka, na ahakikishe taasisi imesajiliwa. Taarifa zikivuja, Tume ijulishwe bila kuchelewa. Kuficha huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuwa makini na adhabu pia, kwa sababu zinamgusa mtu binafsi. Kufichua taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumletea mtu faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni au shirika faini yake inafika bilioni 5. "Nilitumwa na bosi" usiitegemee.

Nikidhulumiwa, nilalamike wapi? Si nitahamishiwa mwambao?

Andika kwanza kwa mwajiri ukieleza taarifa ipi, ilitoka lini, kwa nani, na unataka nini kifanyike: ifutwe, irekebishwe, au uombwe radhi palepale ilipotangazwa. Usipojibiwa au ukijibiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo ina mfumo wa kupokea malalamiko mtandaoni, kwa hiyo huhitaji kupanda treni kwenda Dodoma. Usiyeridhika na uamuzi wa Tume unaweza kufika Mahakama Kuu. Fidia nayo unaweza kuidai ukionyesha madhara uliyopata.

Hofu ya uhamisho naielewa, na sitakudanganya kwamba haina msingi. Kinachokulinda ni mpangilio wa tarehe. Piga picha ya skrini siku ileile, ikionyesha jina la grupu, saa na aliyetuma. Peleka barua yako kwa mkono, ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala hiyo iweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Uhamisho ukija wiki mbili baadaye, utakuwa na karatasi mbili zenye tarehe za kufuatana, na hizo ndizo utakazoziambatisha kwenye malalamiko ya pili.